Chupa Isiyouliza Kitu

Mwishoni mwa Machi mji wa Atlanta hubadilika rangi. Vioo vya magari, ngazi za nyumba, viti vya barazani, hata madimbwi yaliyoachwa na mvua, vyote hufunikwa na unga wa njano unaomwagwa na misonobari. Wenyeji huusukuma kwa mpira wa maji asubuhi, na jioni umerudi. Kuna kituo mjini kinachohesabu chembe za chavua hewani, na hesabu yake hutangazwa kwenye taarifa ya hali ya hewa. Zikipita 1,500 katika mita moja ya ujazo wa hewa, hali inahesabiwa kuwa mbaya mno. Tarehe 29 Machi 2025 zilihesabiwa 14,801, nyingi kuliko siku yoyote tangu kituo hicho kianze kazi yake.

Misonobari husingiziwa bure, hata hivyo. Chembe zake ni kubwa na nzito, jicho huziona, na ni watu wachache ambao miili yao huzikataa. Kinachotutesa wengi wetu hakionekani: chavua ya mialoni na miti mingine inayochanua wakati huohuo, kisha ya nyasi kuanzia Mei, kisha katikati ya Agosti ya gugu liitwalo ambrosia, ambalo mche wake mmoja unaweza kutoa chembe zipatazo bilioni moja kwa msimu. Daktari bingwa wa mzio aliponichoma vijisindano mkononi, kila tone na mmea wake, msonobari haukuacha alama. Mwaloni ulivimba. Na nyasi iliyovimba kuliko zote ilikuwa ukoka, ukoka uleule ambao juu yake tulicheza rede nikiwa mtoto Muheza, Tanzania. Huku wanauita nyasi ya Bermuda na wanaupanda mbele ya nyumba zao kwa gharama kubwa, lakini asili yake ni Afrika.

Niliutazama mkono wangu na swali likanikaa: mbona kule haukunifanya chochote? Wala hapa haukunifanya chochote miaka ya mwanzo. Nilikuwa nikiwaonea huruma wenzangu kazini waliokuja na macho mekundu na visanduku vya karatasi za kufutia pua, mimi nikipumua vizuri. Kisha, majira fulani ya kuchipua, nikaanza kuamka mchana na pua zimeziba zote mbili, kaakaa linawasha hadi masikioni, machozi yanatoka yenyewe. Mgeni hafikii mzio uwanjani siku anayoshuka kwenye ndege. Mwili huhitaji kukutana na chavua msimu baada ya msimu mpaka utengeneze kingamwili zake, na huo muda ndio nilioudhani kuwa afya.

Kingamwili hizo ni za aina ya IgE. Kimishige Ishizaka na mkewe Teruko, wanasayansi wa Kijapani waliokuwa wakifanya kazi Denver, Colorado, ndio waliozitambulisha mwaka 1966. Hukaa juu ya seli za masti, ambazo zimetandazwa ndani ya pua, machoni, kwenye mapafu na chini ya ngozi. Seli ya masti yenye IgE ni mlinzi aliyepewa picha ya mwizi na filimbi mkononi: chavua inayofanana na picha ikigusa tu, filimbi inalia. Kinachomwagika wakati huo ni histamini na kemikali nyingine, na ndizo zinazovimbisha, zinazowasha na kutiririsha makamasi. Askari hawa hawakuumbwa kwa ajili ya ukoka. Wanasayansi wengi huamini kazi yao ya asili ni kupambana na minyoo na vimelea. Utafiti uliofanywa Gabon na kuchapishwa mwaka 2000 ulionyesha kwamba watoto wenye kichocho ngozi zao ziliitikia kidogo vipimo vya mzio wa vijidudu vya vumbi kuliko watoto wasio nacho. Sitamani kurudishiwa minyoo. Lakini niliposoma hayo nilielewa kwamba mwili wangu haukuharibika. Ulikuwa umebadilishiwa mazingira.

Kazi yangu ni ya zamu ya usiku, katika nyumba ya kutunzia wazee. Kumgeuza mtu mwenye kilo tisini kitandani, kugundua kwamba pumzi ya mama wa chumba cha mwisho imebadilika, kuandika kila kitu kabla jua halijachomoza, hayo yote yanataka kichwa kisicho na usingizi. Dawa ya kwanza ambayo kila mtu humpa mgonjwa wa mzio nchini Marekani ni difenihidramini, vidonge vidogo vya waridi, na huleta usingizi mzito. Wazee wetu pale kazini tumekatazwa kabisa kuwapa, maana huwachanganya akili na kuwaangusha. Mimi mwenyewe ningewezaje kuimeza saa mbili kabla ya zamu? Nilihamia loratadini, isiyolevya. Chafya zikapungua, pua ikabaki imeziba. Baadaye daktari alinieleza kwamba ndivyo dawa hizi zilivyo: zinaizuia histamini isifike pale inapokwenda, lakini kuziba kwa pua kunachangiwa na kemikali nyingine ambazo dawa hizo hazizigusi.

Hapo ndipo mwenzangu wa zamu aliponiwekea chupa mezani. Kwesetini, miligramu 500 kila kapsuli, imechanganywa na bromelaini, ambayo ni kimeng'enya kitokacho kwenye nanasi. Akaniambia dada yake anaitumia, ni ya mimea tupu, haina kemikali. Kwenye karatasi ya chupa palichorwa majani mabichi na tufaha.

Nilipokuwa mdogo, dawa ya mimea ilikuwa na uso. Bibi yangu mzaa mama alikuwa na kivumbasi, mchaichai na majani ya mwarobaini nyuma ya nyumba, na mtu mwenye mafua alifunikwa shuka juu ya sufuria la maji yanayotoa mvuke ajifukize. Lakini kabla ya shuka kulikuwa na maswali. Shikamoo bibi, marahaba mjukuu wangu, kisha yanaanza: umeanza lini, umekula nini, choo kinatoka vipi? Kwa msichana aliyeolewa aliongeza, tena kwa sauti ya chini: mwezi wako umeuona? Kuna majani aliyokataa kumpa mwenye mimba, na kuna watu aliowarudisha, akiwaambia waende hospitali ya Teule kwa sababu homa ile haikuwa ya majani. Hakujua kusoma. Alijua kwamba jani lenye nguvu ya kuponya lina nguvu ya kudhuru, na kwa hiyo hakumpa mtu asiyemjua.

Chupa yangu haikuuliza kitu. Niliinunua dukani pamoja na mchele na sabuni. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, ilikuwa na maelezo ambayo sheria ya Marekani ya mwaka 1994 inayataka kwenye chupa za namna hiyo: kwamba mamlaka ya chakula na dawa haijayapima madai haya, na kwamba bidhaa haikusudiwi kutambua, kutibu, kuponya wala kuzuia ugonjwa wowote. Sheria hiyo inaiweka kwesetini upande wa chakula. Mtengenezaji halazimiki kuithibitishia mamlaka kwamba kidonge chake kinafanya kazi kabla ya kukiuza. Nyumbani Tanzania tuna sheria ya tiba asili na tiba mbadala ya mwaka 2002, na Muhimbili ina taasisi ya tiba asili, iliyoanza mwaka 1974 ikiwa kitengo cha utafiti, ambako wataalamu huyachunguza maabarani majani yaleyale ya bibi zetu. Nilijiambia kwamba kama hakuna aliyeniuliza, nitauliza mwenyewe, na nikaanza kusoma.

Kwesetini ni moja ya flavonoidi, jamii kubwa ya kemikali ambazo mimea hujitengenezea, nyingine zikiipa rangi, nyingine zikiikinga na jua kali. Imo kwenye vitunguu, tufaha, chai, majani ya mlonge. Mwaka 1936 Albert Szent-Györgyi wa Hungaria, ambaye mwaka uliofuata alipata Tuzo ya Nobel kwa kazi iliyohusisha vitamini C, alipendekeza kwamba flavonoidi za malimau ni vitamini mpya na akaipa herufi P. Haikusimama, mwili unaweza kuishi bila flavonoidi, na herufi hiyo ikaachwa. Lakini maabara hazikuziacha. Tangu miaka ya 1970 watafiti wameonyesha mara nyingi kwamba ukizimwagia kwesetini seli za masti zilizomo ndani ya kioo, zinashindwa kumwaga histamini yao. Utafiti mmoja wa mwaka 2012 kutoka Boston ulikuta kwamba kwa seli za masti za binadamu, kwesetini ilizituliza vizuri kuliko kromolini, ambayo ni dawa halisi ya mzio yenye miaka mingi hospitalini.

Ukiishia hapo, utanunua makasha. Wauzaji wengi huishia hapo.

Swali ni nini kinatokea baada ya kumeza. Kwesetini tupu haiyeyuki vizuri kwenye maji, na utumbo huichukua kwa shida. Kile kidogo kinachopita, utumbo na ini hukigeuza mara moja kwa kukifunga na kemikali nyingine, kiasi kwamba kinachozunguka kwenye damu si kile kilichomwagwa juu ya seli maabarani, na kiwango chake kwa kawaida ni kidogo kuliko kile cha kwenye kioo. Kwenye kitunguu, kwesetini imeshikamana na sukari, na umbo hilo mwili hulipokea vizuri zaidi. Watafiti wa Uholanzi walilionyesha hilo miaka ya 1990. Nilifurahi sana niliposoma hivyo, nikafikiria kachumbari. Nikapiga hesabu. Gramu mia za kitunguu chekundu kibichi zina miligramu zipatazo 30 au 40 za kwesetini. Kuifikia kapsuli moja ningehitaji kilo moja na zaidi ya vitunguu kila siku, kuanzia Februari mpaka Juni. Kachumbari ni nzuri kwa pilau, na mtu asiache kuila, lakini yeyote anayekwambia kwamba kidonge kile ni chakula cha kawaida tu kilichofungwa vizuri, mwambie apige hesabu hiyo. Isitoshe, kwesetini nyingi ya vidonge haitoki kwenye vitunguu wala tufaha lililochorwa. Hukamuliwa kwenye machipukizi ya maua ya mti wa Asia uitwao Sophora japonica.

Kwa wanadamu wenye mzio wa msimu, ushahidi upo lakini ni mwembamba. Ninaoukumbuka zaidi ni wa Japani, kwa sababu Wajapani wana msiba wao wa chavua. Baada ya vita vilivyokwisha mwaka 1945 walipanda milima mizima miti ya sugi kwa ajili ya mbao, na mwaka 1964 madaktari wakaeleza kwa mara ya kwanza ugonjwa wa chavua yake katika eneo la Nikko. Leo ni ugonjwa wa taifa. Mwaka 2009 watafiti wa Osaka walichapisha jaribio ambamo kikundi kidogo cha wagonjwa kilipewa miligramu 100 kwa siku za kwesetini iliyobadilishwa kwa vimeng'enya ili ipenye mwilini, wengine wakapewa kidonge kisicho na kitu, kwa wiki nane, bila yeyote kujua anameza kipi. Walionufaika, walinufaika zaidi machoni. Ni jambo la kweli na la kutia moyo. Lakini ni watu wachache, na kwesetini yao haikuwa sawa na ile iliyokuwa mezani kwangu.

Kuna mtu mmoja ambaye hadithi yake ilinibadilisha zaidi ya takwimu. Roger Altounyan alizaliwa Syria mwaka 1922, baba yake akiwa daktari mwenye asili ya Kiarmenia huko Aleppo. Alikuwa na pumu. Akawa daktari Uingereza, akaajiriwa na kampuni ya dawa iliyokuwa ikiichunguza kemikali iitwayo khelini, itokayo kwenye mmea wa Ammi visnaga ambao Wamisri wameutumia tangu zamani kwa maumivu ya mawe ya figo. Khelini ilipanua njia za hewa kidogo, lakini ilichefua. Wanakemia wakawa wanaibadilisha umbo, kidogo kidogo, na Altounyan alizijaribu kemikali zile juu ya mapafu yake mwenyewe. Alikuwa akivuta kwa makusudi mchanganyiko wa manyoya ya wanyama uliomletea pumu, kisha anapima pumzi, kisha anaandika. Aliendelea hivyo kwa miaka, kemikali mamia, nyingi zikiwa hazifai kitu. Mwaka 1965 wakaifikia kromolini. Haikuwa inamfungua mtu aliyekwisha kubanwa. Ilikuwa inazituliza seli za masti kabla hazijachokozwa, kwa hiyo ni lazima itangulie adui. Leo inauzwa kama dawa ya kupuliza puani bila cheti cha daktari.

Na hakuwa mgonjwa wa kwanza kujichunguza mwenyewe. John Bostock, daktari wa London, mwaka 1819 aliwasomea wenzake maelezo ya mgonjwa ambaye tangu utotoni macho na pua vilimtesa kila Juni. Mgonjwa huyo alikuwa yeye mwenyewe. Alikuwa amejaribu kutolewa damu, kasumba, maji baridi, yote bila nafuu. Yeye alilaumu joto la jua. Charles Blackley wa Manchester, naye mgonjwa, ndiye aliyethibitisha kwa kitabu chake cha 1873 kwamba mkosaji ni chavua: aliipaka kwenye ngozi yake aliyoikwaruza, akarusha tiara zenye vioo vya kunata ili ajue chavua hupanda juu kiasi gani. Watu hawa waliumwa nilichoumwa mimi. Hawakuridhika na kusikia kwamba kitu fulani kinasaidia. Waliuliza kinasaidia nani, kwa kiasi gani, kikipimwa na nini.

Basi nikanunua daftari. Nilikwenda na chupa yangu kwa daktari, nikaiweka mbele yake, na namshukuru kwamba hakuicheka. Aliuliza kama nina shida ya figo, kama natumia dawa ya kuzuia damu kuganda, kama nina mimba au natarajia, kama nanasi hunidhuru. Nilisikia sauti ya bibi. Kisha akasema: itumie msimu huu pamoja na loratadini, anza wiki kadhaa kabla, usizidishe, na uandike. Kila nilipoamka nilijipa alama kutoka sifuri hadi tatu kwa macho, kwa chafya, kwa kuziba pua na kwa usingizi, na pembeni nikanakili hesabu ya chavua ya siku ile pamoja na mvua.

Safu hiyo ya mvua ndiyo iliyonifundisha kuliko zote. Kulikuwa na wiki nzuri sana mwezi wa Aprili, macho makavu, nikawa tayari kuimba sifa za kwesetini kwa kila mtu. Nikatazama pembeni: ilikuwa imenyesha karibu kila siku, chavua imeoshwa hewani. Bila ile safu, kidonge kingepewa shukrani ya mvua. Nafikiri ushuhuda mwingi tunaopeana, barazani, kwenye simu, kwenye makundi ya ujumbe ya Watanzania wa Marekani, ni wa namna hii: watu wakweli wanaosema walichokiona, lakini hawakuandika mvua.

Msimu uliofuata niliacha kwesetini, nikatumia dawa ya kupuliza puani ya flutikasoni, ambayo ni steroidi, na ambayo miongozo ya madaktari huiweka mbele kwa pua iliyoziba. Nayo inataka subira. Haifanyi kazi yake yote siku ya kwanza, na ukielekeza ncha kwenye ukuta wa katikati ya pua inaweza kukutoa damu. Inaelekezwa upande wa nje, kuelekea sikio. Kwa mara ya kwanza tangu mzio uanze nililala mchana kutwa nikiwa nimefunga mdomo. Hilo daftari lililionyesha bila kuhitaji tafsiri. Msimu wa baada ya hapo nikaviweka pamoja. Pua ilibaki vilevile ilivyokuwa na dawa ya kupuliza peke yake. Macho, nadhani, yalipata nafuu kidogo siku ambazo hesabu ilikuwa kubwa, na hapa ninalitumia neno nadhani kwa uzito wake wote, maana mimi ni mtu mmoja na nilijua ninachomeza.

Kwa hiyo naendelea kuitumia, msimu tu, ikiwa msaidizi mdogo wa dawa ambayo imethibitishwa, na imeandikwa kwenye faili langu pamoja na dawa nyingine zote. Sihisi aibu kwa hilo, wala siwezi kumwambia mtu atupe vyote vya hospitali aifuate. Mwenye kubanwa kifua na kusikia filimbi kwenye pumzi hana haja na kapsuli. Anahitaji dawa ya kuvuta na daktari, leo. Na mwenye mzio wa ambrosia asidhani chai ya kamomili ni salama kwa kuwa ni maua: mimea hiyo ni ya jamii moja, na watu wamewahi kuvimba kwa kuinywa.

Jambo lililonisaidia bila gharama lilikuwa nami tangu utotoni. Kila udhu tunapandisha maji puani na kuyapenga. Daktari alipopendekeza kusafisha pua kwa maji ya chumvi niliona ni desturi niijuayo, lakini aliniwekea sharti moja kubwa, nami naliweka kwa kila ninayemweleza: maji yawe yaliyochemshwa yakapoa, au yaliyosafishwa kwa mvuke. Mwaka 2011 watu wawili walikufa katika jimbo la Louisiana baada ya kusafisha pua kwa maji ya bomba yaliyokuwa na amiba iitwayo Naegleria fowleri, ambayo hupanda kupitia pua hadi kwenye ubongo. Karachi, Pakistan, vifo kama hivyo vimehusishwa na maji ya udhu. Amiba hiyo ni adimu, lakini karibu kila anayeipata hufa, na kuchemsha maji hakugharimu kitu kwa watu tuliolelewa kwenye birika.

Si mbali na kwangu kuna Clarkston, mji mdogo ambako familia nyingi za wakimbizi zimepewa makazi, wakiwemo Wakongo wa Kivu. Pale Kiswahili hunifuata kila duka ninaloingia. Mzee mmoja ninayemheshimu sana, jirani wa rafiki yangu, aliniona nikimeza kapsuli, macho yake mwenyewe yakitiririka machozi ya mialoni.

"Mama," akasema, "ile dawa yako ya majani, unaweza nipatia nami nijaribu?"

"Mzee wangu, nikuulize kwanza. Unatumia dawa gani nyingine?"

"Niko nakunywa ya presha, na ile ya kufanya damu isigande. Lakini hii yako iko ya majani tu, haina mubaya."

Dawa yake ya damu ilikuwa wafarini. Natunza wazee wanaoitumia, na najua jinsi mstari wake ulivyo mwembamba: ikipungua damu inaganda, ikizidi mtu anatokwa damu ndani kwa ndani, na ndiyo maana hupimwa damu mara kwa mara. Kwesetini imeonekana maabarani ikiingilia namna wafarini inavyobebwa kwenye damu, na bromelaini inahofiwa kuongeza uwezekano wa kutokwa damu. Sikumpa hata moja. Nilimwomba ruhusa nimsindikize kliniki, tukaingia na mkoba wenye kila kitu alichokuwa akimeza nyumbani, kwa sababu nilitaka waone, si wasikie tu.

Mfamasia alilikataa wazo la kwesetini moja kwa moja, akamwandikia matone ya macho. Kisha, kwa kuwa mkoba ulikuwa mezani, akaendelea kutoa kimoja kimoja. Ulikuwamo unga wa majani ya mlonge ambao binti yake alimpelekea, na ambao haukuandikwa popote kwenye faili lake. Mkalimani alikuwa amemuuliza mara zote kama anatumia dawa, naye alijibu kweli kuhusu zile mbili. Hakuna aliyewahi kumuuliza kuhusu majani. Muuguzi akakaa, akafungua ukurasa mpya, akauliza kuhusu chakula, maana mboga za kijani zina vitamini K, nayo hupunguza nguvu ya wafarini. Mzee akasema sombe, yaani kisamvu. Mara ngapi kwa wiki? Kila siku, akajibu, mke wake haandai meza bila sombe. Kwa muda mrefu walikuwa wakishangaa kwa nini vipimo vyake vya damu vinapanda na kushuka: siku sombe inapokosekana dukani kwa Mwafrika, damu yake inabadilika. Hawakumkataza. Walimwambia ale kiasi kilekile siku zote, unga wa mlonge auweke kando, na kipimo cha wafarini kikapangwa upya kufuata sombe yake. Tangu hapo kila ninapomsindikiza mtu wetu kliniki, namwambia mkalimani mapema: ukimaliza kuuliza dawa, muulize na majani, na vidonge vya dukani, na kilichokuja kwenye mzigo kutoka nyumbani.